Nakshi za Kufua Si za Kuchonga

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe kosa la kuita kila nakshi iliyoinuka kwenye vyombo vya kale vya fedha kuwa ni "ya kuchonga". Mchongaji huondoa madini. Mfua fedha haondoi kitu, bali hulaza bamba juu ya lami, akalisukuma kwa nyundo na tindo butu kutoka nyuma hadi maua yakafura upande wa mbele, kisha akaligeuza kuyatia mistari, huku akilipasha moto kila linapokakamaa lisije likapasuka. Birika la fedha la Adam van Vianen, mfua fedha Mholanzi, la mwaka 1614, lililoko katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, lilifuliwa kutoka bamba moja tu. Mwenye shaka apapase ndani ya chombo: mabonde yakifuata vilima vya nje, hiyo si kazi ya kuchonga, ingawa (nakiri) mashine za kugandamiza nazo huacha mabonde, ila yanayofanana mno yenyewe kwa yenyewe.

Msomaji wenu