Mabadiliko ya siku ya darasa la simulizi za kidijitali

Assalaam aleikum ndugu wanakikundi,

Kwa kuwa Jumamosi kuna maulidi mtaani, somo letu la pili kwa njia ya Zoom limesogezwa hadi Jumapili, saa 2:00 usiku kwa saa za Zanzibar, ambayo kwa wenzetu wa Muscat ni saa 3:00.

Kila mmoja aje na picha 1 ya zamani pamoja na maandishi yasiyozidi maneno 250, kwani mtindo huu, ulioanzia California katika miaka ya 1990, hutaka filamu fupi ya dakika 2 au 3 inayosimuliwa kwa sauti ya mwenye kisa mwenyewe. Tutaanza kwa kusikilizana kwa zamu, uhariri utafuata. Tafadhali chagueni tukio moja tu, maana wiki iliyopita baadhi yetu tulitaka kuimaliza historia ya Mji Mkongwe kwa usiku mmoja! Picha za watu zisitumike bila idhini yao.

Mchango wa bando kwa ajili ya wazee wetu ni shilingi 3,000, na upelekwe kwa mweka hazina kabla ya Ijumaa.

Naomba kila mmoja athibitishe hapa, kabla ya Alhamisi jioni, kwa kuandika jina lake na kisa alichochagua.

Wenu,
Katibu