Lushoto bila soko si Lushoto

Mhariri,

Januari hii nilimpeleka mjukuu wangu Lushoto, kule milima ya Usambara. Mimi nilikuwa utingo wa lori miaka kumi na miwili, tukipanda huko kufuata nyanya na viazi vya kushusha soko la Kariakoo, lakini mlima ule niliujua usiku tu, nimejilaza juu ya mzigo. Kwenda kama mgeni, shati limepigwa pasi, ilikuwa mara ya kwanza.

Kutoka Mombo ni kilomita kama 33, kona juu ya kona. Mtoto alitapika kabla ya Soni. Hilo tuliache.

Asubuhi kijana mmoja anayetembeza wageni alitupeleka Irente. Ukisimama pale kwenye jabali unaona Mazinde chini kabisa, mashamba ya mkonge yamenyooka mistari kama ya daftari, halafu nyika inaendelea mpaka macho yanachoka. Pazuri, sibishi. Tukarudi mjini akatuonyesha majengo ya Wajerumani, waliouita mji ule Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Nilipomwuliza habari ya soko akacheka. "Babu, sokoni kuna nini? Kabichi tu."

Na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi! Alhamisi na Jumapili ndizo siku za soko Lushoto, wakulima wanateremka kutoka vijiji vya milimani tangu alfajiri. Nilimlipa kijana chake, nikamshika mtoto mkono tukaingia.

Mama mmoja alikuwa akipanga peasi juu ya gunia. Kila fungu nne chini, moja juu, na ile ya juu ameigeuza upande wenye wekundu, akaifuta kwa ncha ya kanga. Mjukuu akamwuliza kwa nini anahangaika hivyo. "Za chini ndizo tamu, mwanangu," akasema, "lakini nani atainama kuzitazama?" Tukanunua mafungu matatu.

Nyuma ya matenga ya nyanya vijana walikuwa wakifunga viazi. Gunia limeshajaa, wanaliongezea kilemba cha kamba juu, wanasindika kwa goti. Lumbesa. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na mkulima analipwa gunia moja tu, hata kama limebeba moja na nusu. Nazijua lumbesa kwa uti wa mgongo huu, na nikiri kwamba goti langu nalo lilisindika nyingi. Nilimweleza mtoto yote palepale. Aliuliza maswali ambayo kule Irente hakuyauliza, mengine sikuwa na jibu lake.

Ombi langu kwa wanaopeleka wageni huko: pangeni safari ziangukie siku ya soko, mfike mapema, muda wa kuchagua na kupatana bei uwepo. Irente iwekeni jioni, jua linazama upande ule ule. Na halmashauri ingeweka kibao pale njiapanda ya Mombo kinachotaja siku hizo mbili. Vibao vya nyumba za wageni havikosekani barabarani, cha soko sikukiona.

Anayekwenda abebe kikapu, na kisu pia. Peasi za Lushoto ni ngumu, na meno yangu si ya zamani.

Utingo mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam