Tommy na Tuppence nao wanastahili nafasi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wapelelezi wa vitabuni wa mwandishi Mwingereza Agatha Christie niliisoma kwa furaha, lakini imenisikitisha kuona Poirot na Miss Marple wamepewa ukurasa mzima huku Tommy na Tuppence Beresford, wapelelezi wake walio mume na mke, wakikosa hata mstari mmoja.

Poirot alikuwa mstaafu tangu riwaya yake ya kwanza, mwaka 1920, na akaendelea kupeleleza kwa miongo mingi kana kwamba miaka haimhusu. Tommy na Tuppence walizeeka pamoja na wasomaji wao. Katika riwaya yao ya kwanza, mwaka 1922, ni vijana waliotoka vitani, Tommy jeshini, Tuppence katika kazi za hospitalini, wote hawana kazi wala pesa. Mwaka 1929 ni mume na mke. Kufikia 1941 wana watoto wakubwa, na mwaka 1973, katika riwaya ya mwisho aliyoiandika Christie, wana wajukuu.

Na Tuppence si msindikizaji. Sisi tuliokua na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tunamjua Najum, yule mwenzi wa kuuliza na kushangaa, na tunampenda. Tuppence ni mwingine kabisa. Katika N or M?, ile riwaya ya 1941, Vita vya Pili vya Dunia vimepamba moto, afisa mmoja anakuja nyumbani kumpa Tommy kazi ya siri: akawatafute majasusi wa Ujerumani katika nyumba ya wageni iitwayo Sans Souci, huko pwani. Mke asijue, aambiwe mumewe anakwenda Scotland kufanya kazi ya ofisini. Tommy anaaga, anasafiri, anaingia sebuleni Sans Souci kutambulishwa kwa wageni wenzake, na anamkuta mkewe amekaa anafuma, amejibandika jina la Bi. Blenkensop. Alisikiliza kila neno, akamtangulia. Kuanzia hapo wanafanya kazi bega kwa bega, kila mmoja na mbinu zake, na hakuna anayemtuma mwenzake.

Ndoa ya namna hiyo, yenye utani, ubishi na kuaminiana, ni adimu katika hadithi za upelelezi, ambako mpelelezi kwa kawaida huishi peke yake.

Mkirudi kwenye mada hii, naomba msiwaelekeze wasomaji wapya kwenye hadithi fupi za 1929, Partners in Crime. Mule wanandoa hao wanawaigiza wapelelezi wa vitabuni waliovuma enzi hizo, ambao wengi wao leo hawajulikani, hivyo utani mwingi unapotea. Waanze na N or M?

Msomaji wenu,
Tanga