Wakulima wasihamishiwe tambarare kwa ahadi za mdomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalozidi kuzungumzwa katika vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro, yaani wazo la kuwapeleka vijana na familia changa kulima tambarare. Sababu yake inaeleweka. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, kilichomtosha babu kiligawanywa kwa wana, kikagawanywa tena kwa wajukuu, na leo wapo vijana ambao fungu lao ni migomba michache na mistari miwili mitatu ya kahawa iliyozunguka nyumba. Sipingi watu kuhama. Ninachopinga ni kuwahamisha kabla eneo, udongo na maji ya kila familia havijapimwa, havijaandikwa na kutiwa saini na mtu atakayewajibika.

Msimamo huu umeimarishwa na historia ya La Vigía, makazi madogo ya wakulima karibu na mji wa Dajabón katika Jamhuri ya Dominika, jirani kabisa na mpaka unaokigawa kisiwa cha Hispaniola kati ya nchi hiyo na Haiti. Mwaka 1956 zilifika huko familia za kwanza za wakulima kutoka Japani, nchi iliyokuwa imetoka vitani ikiwa na watu wengi na ardhi haba. Hadi mwaka 1959 walikuwa wamefika Wajapani wapatao 1,300, wakatawanywa katika makazi kadhaa, mengi yakiwa katika ukanda wa mpaka. Serikali yao ndiyo iliyotangaza nafasi hizo, na ahadi ilikuwa tarea 300 kwa familia, eneo linalozidi ekari 46. Mtu wa kwetu anayegombana na ndugu yake kwa robo ekari ataelewa mara moja jinsi ahadi hiyo ilivyovuta.

Dikteta Rafael Trujillo alikuwa na haja yake mwenyewe. Alitaka ukanda huo wa mpaka ujae wakulima wasio Wahaiti, na ni huko huko ambako mwaka 1937 askari wake waliwaua maelfu ya Wahaiti. Kwa hiyo serikali moja ilitaka kupunguza watu na nyingine ilitaka kujaza mpaka, na kati ya hizo mbili hakuna iliyohakikisha kwamba mkulima angepata kile alichoambiwa. Familia nyingi zilipewa sehemu tu ya eneo lililoahidiwa. Katika makazi ya Neiba walikabidhiwa ardhi ya mawe, na kule Duvergé udongo ulikuwa na chumvi. Umiliki waliouahidiwa nao haukuja, kwani walichopata ilikuwa ruhusa ya kulima. Trujillo aliuawa Mei 1961, na katika muda mfupi uliofuata wengi wa wahamiaji hao walirudi Japani au wakahamia nchi za Amerika Kusini.

Waliobaki hawakunyamaza. Mwaka 2000 waliifungulia serikali ya Japani kesi mjini Tokyo, na Juni 2006 mahakama ikakubali kwamba serikali ilikuwa na makosa, lakini ikatupilia mbali madai ya fidia kwa kuwa muda wa kudai ulikuwa umepita. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu Junichiro Koizumi aliomba radhi, na serikali ikakubali kuwalipa kiasi fulani. Hapo ilikuwa imetimia miaka 50 tangu familia za kwanza zishuke melini. Mtu aliyeondoka kwao akiwa na miaka 30 aliombwa radhi akiwa na 80, kama bado alikuwa hai.

Naandika haya kwa kuwa dalili zake ziko hapa hapa kwetu. Nimefanya kazi ya ubwana shamba hadi nikastaafu, na udongo wa tambarare naufahamu. Ukipita baadhi ya mashamba ya Kahe wakati wa kiangazi utaona utando mweupe juu ya ardhi, na mahindi yaliyopandwa hapo huota vizuri kisha majani yakaanza kuungua kuanzia ncha. Shamba hilo hilo ukimwonyesha kijana kutoka Kibosho au Marangu mwezi Aprili, nyasi zikiwa mbichi, atalipenda. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwamba familia ionyeshwe shamba wakati wa kiangazi, na sampuli ya udongo wake ipimwe maabara, kwa mfano Mlingano kule Tanga, kabla mtu hajauza hata mbuzi mmoja kwa ajili ya safari.

Kuhusu maji, mfano tunao mlangoni. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 1987, uliinua sana kilimo cha mpunga Mabogini na Chekereni, na wengi tunaushukuru hadi leo. Hata hivyo, mavuno yalipoonekana, wakulima wa juu ya mradi nao wakafungua majaruba yao na kuchota maji ya mto Rau, kiasi kwamba eneo lililopangwa kumwagiliwa halikuweza kupata maji yote. Siwalaumu, kwani nao wana watoto wa kulisha. Lakini mwenye jaruba la mwisho wa mfereji hukesha usiku akisubiri zamu, na kukicha hupata maji ya kulowesha kingo tu. Hata huko Dajabón maji yamezua ugomvi mkubwa: Septemba 2023 Rais Luis Abinader alifunga mpaka wote kwa sababu ya mfereji ambao Wahaiti walikuwa wakiuchimba kutoka mto wa mpakani. Familia mpya zikipelekwa tambarare bila kibali cha maji chenye kiasi na zamu iliyoandikwa, zitawekwa mwisho wa mfereji, maana wenyeji wamekwisha kutangulia.

Sheria tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na inatoa hati ya hakimiliki ya kimila. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, inayotoa vibali vya maji, nayo ipo hapa hapa Moshi. Wanaohamasisha vijana kushuka hawana sababu ya kusema kwamba karatasi zitafuata baadaye. Nasisitiza pia kwamba hati iandikwe majina ya mume na mke wote wawili, kwa kuwa mjane asiye na jina kwenye hati ndiye huwa wa kwanza kuambiwa arudi alikotoka.

Naziomba halmashauri zetu za wilaya, kabla ya kuorodhesha jina la familia yoyote, zibandike kwenye ubao wa matangazo wa kijiji wanakotoka na wa kijiji wanakokwenda ramani ya viwanja, majibu ya vipimo vya udongo, zamu za maji, pamoja na jina na cheo cha ofisa aliyethibitisha kila kimoja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Bwana shamba mstaafu,
Moshi Vijijini