Baba ameshatuma nauli ya Rombo, mimi nataka kubaki Kariakoo

Shangazi, shikamoo.

Nasoma uhasibu, mwaka wa pili, katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Kwetu ni Rombo, na unatujua Wachaga na Krismasi: Desemba ikifika katikati, kila mwenye kwao Kilimanjaro anawaza tiketi ya basi tu. Baba ameshanitumia nauli. Tatizo ni kwamba huo ndio mwezi wa Kariakoo, na mama mwenye duka niliyemfanyia kazi msimu uliopita ameniita tena.

Anauza nguo na viatu vya watoto Mtaa wa Kongo. Mwaka jana nilimuuzia Jumamosi na siku za mwanzo za likizo, kisha nikapanda basi kabla vurugu yenyewe haijaanza. Safari hii kasema wazi: anayekuja abaki mpaka tarehe 24 usiku, la sivyo nafasi anampa mwingine.

Posho yake ya siku ni ndogo. Lakini asubuhi anakutajia bei ya mwisho ya kila mzigo, na utakachouza juu ya hapo ni chako. Hicho cha juu ndicho kilichoninunulia kompyuta mpakato ya mtumba ninayoisomea. Boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, ni shilingi 10,000 kwa siku, na ikichelewa tunaishi kwa kukopeshana chapati. Sitaki kila mara nimpigie Baba, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na ana wadogo zangu wa kusomesha.

Hata hivyo, fedha peke yake isingenifanya nigombane na mzazi. Darasani tulifundishwa wadaiwa na madeni mabaya, nikafaulu mtihani bila kuelewa vizuri. Nikaja kuelewa dukani, nilipoona mzigo ukitoka kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa baadaye, na aliyeuchukua akaanza kutopokea simu. Nimejifunza kuhudumia mteja wa jumla kutoka Lubumbashi, anayeongea Kiswahili chao na kupiga hesabu ya faranga kichwani kunizidi. Nimejifunza kutomwachia mtu mzigo kwa ujumbe wa malipo anaonionyesha kwenye simu yake, mpaka fedha ionekane kwenye lipa namba ya duka. Na jioni, fedha za droo, za lipa namba na risiti za EFD, ile mashine ya kodi, zisipolingana, hakuna anayeondoka. Mwaka huu mama anataka mimi ndiye nikae kaunta nifunge hesabu, kisha baada ya Krismasi nimsaidie Jumamosi kwenye sare na mabegi ya shule. Ameahidi kuniandikia barua ya kazi. Shangazi, nikimaliza chuo nitagombea nafasi na wahitimu wengi wenye cheti kama changu. Hiyo barua naitaka.

Masomo hayajaathirika; sijawahi kupata sapu, yaani kurudia mtihani.

Sasa Baba. Alipojua, alisema, "Sikukupeleka chuo ukaite wateja barabarani." Nikamweleza habari ya kaunta, akahamia kwenye saa za kazi. Hapo ana hoja. Kaka yangu anayesoma sheria ameniambia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki kabla ya saa za ziada. Nenda kawaambie hivyo Mtaa wa Kongo tarehe 23 Desemba!

Nikapendekeza nifunge duka tarehe 24, nipande basi la usiku, nifike asubuhi ya Krismasi. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023, kwa hiyo inawezekana nikikata tiketi mapema. Akajibu kwamba hamtaki binti yake barabarani usiku, msimu ambao madereva wanakimbizana kugeuza. Hilo nalo sikuweza kumbishia.

Ila nadhani kinachomuuma zaidi ni kikao cha ukoo. Wote watakuwepo, wataniulizia, naye atalazimika kusema mtoto wake anauza dukani kwa mtu, kana kwamba ameshindwa kumlisha. Hajalitamka, lakini namjua. Mama yangu kanitumia ujumbe wa maneno mawili, "Jitahidi mwanangu," na mpaka leo sijui nijitahidi kubaki au kwenda. Bibi naye kasema hii ni Krismasi yake ya mwisho. Amekuwa akisema hivyo tangu niko darasa la nne, lakini safari hii miguu imemvimba kweli.

Nina baba mdogo mwenye duka la vipuri Gerezani. Yeye alianza kwa kutembeza soksi mkononi, angenielewa mara moja, na yuko tayari kuongea na kaka yake. Shida ni kwamba wana mgogoro wa kihamba, yaani shamba la ukoo, tangu babu afariki. Naogopa akiniombea yeye, Baba ataona tumemzunguka.

Nimtume baba mdogo hivyo hivyo? Au nimpigie Baba mwenyewe, nimwombe aongee na mama wa duka kwa simu ajue niko kwa nani? Au kwa sababu ya Bibi niiache nafasi hii, niombe ya sare za Januari pekee, hata kama ni ya kubeba mizigo tu? Mama wa duka anataka jibu mwisho wa mwezi huu.

Ni mimi,
Mwanachuo wa Rombo, Dar es Salaam