Shahada isiwe sharti la uongozi

Ndugu Mhariri,

Kila uchaguzi ukikaribia huibuka hoja ileile, kwamba mbunge na hata diwani lazima awe na shahada. Katiba yetu, ibara ya 67, inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Wapo wanaoliona sharti hilo dogo mno. Mimi naomba libaki lilivyo, na nasema hivyo nikiwa mama ninayeuza dagaa ili binti yangu amalize chuo kikuu.

Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunajua msomi akikosea anakosea kwa kiasi gani. Sangara hakuwa samaki wa humu. Alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na maofisa uvuvi wa mkoloni ndio walioanza, watu waliosoma kweli. Hesabu yao ilikuwa kwamba atamla furu, samaki mdogo wasiyemthamini, ageuke mnofu wa maana. Wanasayansi wenzao walionya, hawakusikilizwa. Mnofu tumeupata, na viwanda vyake hapa Mwanza vimelisha familia nyingi. Lakini aina nyingi za furu zimetoweka na hazirudi tena.

Na mwaloni kwetu, ufukweni wanakoshushwa dagaa, alikuja mtaalamu na mchoro wa chanja za kuanikia dagaa. Tulifurahi, maana dagaa wa mchangani hawana bei. Akazipanga nyuma ya jabali. Mama mmoja akamwambia, "Baba, hapo jua halifiki mpaka saa nne, na dagaa wetu wanashuka alfajiri." Akamkunjulia mchoro, akamwonyesha mahali palipopigwa mhuri. Chanja zikajengwa palepale. Leo mbuzi ndio wanaojikinga mvua chini yake, sisi tunaanika mchangani.

Yule angekuwa diwani, tungemnyima kura. Kwa kuwa alikuwa mtaalamu, hatukuwa na la kumfanya. Alipanda gari akaenda zake.

Sisemi asiyesoma ndiye bora. Tumewahi kuwa na kiongozi aliyeshindwa kutusomea hesabu za ushuru, na fedha zetu zikapotea mbele ya macho yetu. Naye tulimwondoa. Uwezo huo wa kumweka mtu na kumwondoa ndio ninaoutetea, na sharti la shahada linaupunguza: wengi wa wanaolijua ziwa hili kwa mikono yao wangezuiwa hata kuchukua fomu. Msomi awashauri viongozi, na akitaka kuongoza agombee kama wenzake.

Aje mwaloni alfajiri, wavuvi waliokesha na taa wakiwa wanashusha, akina mama wamejipanga na ndoo. Asimame hapo aulizwe. Mimi la kwanza nitamuuliza chanja zile zitahamishwa lini.

Mama muuza dagaa,
Ilemela, Mwanza