Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Rutamba, Mkoa wa Lindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa kata na kijiji, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Rutamba, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ili uje kutusikiliza. Risala yetu inahusu jambo moja tu, nalo ni perege wa ziwa letu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, perege huyu mdogo anaitwa na wataalamu Oreochromis korogwe, kwa jina la mji wa Korogwe mkoani Tanga. Kwa miaka mingi alijulikana kuwa samaki wa kaskazini, hadi kati ya mwaka 2013 na 2016 watafiti walipombaini pia katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwa ndugu zake wa Mto Zigi na Bwawa la Mlingano, huko Tanga. Mtu angeweza kudhani kwamba pengine aliletwa kusini na binadamu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 umekadiria kuwa makundi hayo mawili yalitengana takribani miaka 140,000 iliyopita, na hata maumbile yao yanatofautiana. Kwa hiyo perege wa Lindi akitoweka, wa Tanga hawezi kuziba pengo lake.

Utafiti huohuo umeonyesha kwamba katika maziwa haya wamo machotara wa perege wetu na sato, ambaye si mwenyeji wa maji haya. Hatumlaumu mfugaji anayempenda sato, kwani hukua haraka, ni mkubwa na hujaza sufuria. Sato halisi hutambulika kwa mistari ya wima iliyopangana kwenye mkia wake, lakini chotara ni mgumu kumtambua kwa macho, na hapo ndipo penye hatari. Perege jike hulea mayai mdomoni, na mvuvi anapomnasua kwenye wavu mara nyingi huyatema, yakatapakaa ndani ya mtumbwi. Hakuna mvuvi awezaye kuyatazama akajua baba yao ni nani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie kufikisha maombi yetu kwa wahusika. Kwanza, vifaranga vya sato visipandikizwe tena katika maziwa haya, na mabwawa ya wafugaji yachimbwe mbali na mikondo ya mafuriko, yakiwa na wavu wa matundu madogo mahali maji yanapotokea. Pili, na hili ndilo kubwa kwetu, maofisa uvuvi wawasaidie wafugaji wa hapa kupata vifaranga vya perege wetu waliothibitishwa kuwa hawajachanganyika, kwa sababu kumkataza mtu sato bila kumpa mbadala ni kumwonea.

Tunaomba kuwasilisha.